Kiatu Chenye Kifungo cha Kijani

3 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni kabla hujafungua bahasha. Sisi wazima. Mgongo unanigomea asubuhi, lakini ikifika saa nne unakubali kazi. Mama yako hajambo, anakusalimu sana, anasema umekonda kwenye ile picha uliyomtumia na kwamba ukiendelea kuishi kwa mikate ya dukani atakuja huko mwenyewe. Kwaya wamempa tena safu ya mbele. Paka wa karakana amezaa ndani ya boksi la ngozi, na siku hizi nikitaka kipande cha ngozi inabidi nimwombe ruhusa.

Usinilaumu kwamba sikuelewa uliponipigia. Masikio yangu yamemalizwa na nyundo; kwenye simu nasikia nusu, nusu nyingine naibuni. Mambo ya kazi niandikie, bahasha ikabidhi ofisi ya mizigo ya basi, nitaifuata.

Sasa lile neno lako la kunifungulia ukurasa mtandaoni. Nimelifikiria mwezi mzima. Unaijua kazi yangu. Mtu anakuja mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, vitatu, namtengenezea kiatu chenye nyongeza iliyofichwa ndani, chini ya kisigino, ukitazama jozi kwa nje huoni tofauti. Anaingia hapa anachechemea, anatoka anatembea kama wewe. Kazi yangu ikiwa nzuri hakuna anayeiona. Ndiyo maana mteja wangu haniletei mteja mwingine, maana atamwambiaje mwenzake? Wazee wanakwisha mmoja mmoja, na vijana wenye shida hiyo hawajui kama nipo duniani. Wiki iliyopita nilikaa siku tatu napaka rangi sanduku la brashi kwa kukosa la kufanya.

Basi fungua. Lakini mteja usimpige picha. Jina la mtu usilitaje. Na ile rafu ya miguu ya mti usiiguse kabisa. Unajua kila mteja nimemchongea mguu wake wa mti wa kushonea kiatu, na unakaa kwangu mpaka siku anapofariki, ndipo nawapa wanawe au nauchoma. Sijaandika jina hata kwenye mmoja. Nikiushika tu najua ni wa nani.

Mjomba wako

22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika, ina harufu ya gundi mpaka mwenzangu wa chumba kauliza nimeletewa kiatu gani. Mwambie mama sijakonda, ni kamera. Mikate naila kwa sababu jiko letu ni moja na wapangaji ni watatu. Zamu yangu ikifika njaa imeshakata tamaa. Mbusu kwa niaba yangu hata kama atakusukuma.

Ukurasa nimeufungua. Nimeuita Fundi wa Hatua Sawa. Nimeweka zile picha nilizopiga mwaka jana: nyundo, kopo la gundi, mikono yako na lile kovu la kisu. Tuna wafuasi mia mbili na kumi na mbili.

Hujawahi kuniuliza vizuri nafanya kazi gani hapa ofisini, na mimi huwa nasema “kompyuta” ili tuishie hapo. Kazi yangu ni kuwajibu watu kwenye kurasa za kampuni. Asubuhi mimi ni kiwanda cha magodoro, mchana nauza rangi za nyumba, jioni ni kliniki ya meno. Kote nasema “sisi”. Mkuu wetu ana amri moja tu, ujumbe wa mteja usilale. Mteja wa zamani alikuja dukani akakaa kwenye benchi lako akangoja. Wa sasa anauliza akiwa kwenye foleni ya benki, usipomjibu ndani ya saa moja ameshahamia kwa mwingine, tena anakwenda kukusema. Halafu hataki kiatu peke yake. Anataka amjue aliyekishona, amzoee, amwite fundi wangu.

Kwa hiyo nawajibu kama wewe. Mtu akiandika kwamba mguu wake anauonea aibu, namwambia, “Usiogope, njoo, hapa hakuna atakayekushangaa.” Natumaini ndivyo ungesema.

Kuna kikwazo kimoja. Wanaona viatu vya kawaida tu, wanauliza, “Sasa hapo maajabu yako wapi?” Mjomba, nitumie kiatu kimoja nikipasue katikati. Waone ndani.

Mpwa wako

17 Machi

Kasuku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, neno ambalo sijaliandika siku nyingi. Jozi nne mwezi huu. Mama yako anakusalimu, naye ndiye mpiga debe wako. Amewapitia kwaya nzima na simu mkononi, mmoja mmoja, “Binti yangu ndiye anayeendesha duka la kaka yangu,” hawatoki mazoezini mpaka wamebonyeza wanachobonyeza. Mshona sare za kwaya ananiambia hata waliokuwa hawajui kutumia simu wamelazimishwa kujua.

Jana alikuja mwanamke mmoja, akakaa, akavua kiatu, machozi yakaanza kumtoka. Akaniambia, “Fundi, siku uliponiandikia nisiogope, nililia.” Nikamtazama. Ukiacha wewe, sijamwandikia mtu yeyote tangu nilipomwandikia mama mwenye nyumba kuhusu paa. Ikabidi niitikie kwa kichwa. Umenifanya mpole kuliko nilivyo, sasa napata kazi mbili, kushona na kufanana na huyo fundi wako wa kwenye simu. Muuza vitambaa wa jirani alinionyesha ukurasa. Mikono yangu ni mizee.

Kuhusu kupasua kiatu, hapana. Nisikilize vizuri. Mteja wangu anaingia kwa mlango wa nyuma. Nampima huku tunazungumza mpira, au mvua, sitazami uso wake, natazama mguu. Hatujawahi kulitaja jambo lenyewe, wengine miaka thelathini. Wewe unataka kulionyesha kwa watu ambao hata viatu hawataki, wanapita tu. Waache waulize maajabu yako wapi. Anayehitaji anajua.

Mwezi wa nne ukija likizo, mama yako ameshaanza kutandika chumba chako. Njoo na soksi nene za kulalia, zangu zimekwisha.

Mjomba

6 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimefika salama. Nyumbani kumenirudishia mashavu. Mwambie mama lile blanketi nililolikataa nimelikuta ndani ya begi, amelikunja mpaka likawa dogo, sijui alitumia uchawi gani. Namsalimu sana.

Kuna kitu nilikiazima bila kukuambia. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Siku ile ulipokwenda kuchukua ngozi, nilimsogeza paka nikatazama boksi la chini kabisa, lililo chini ya meza yako. Nikakuta kiatu kimoja cha zamani, cha kahawia, cha mguu wa kushoto, mkanda wake umefungwa kwa kifungo cha koti, cha kijani. Pacha wake hayupo. Nikajua ni cha mtu aliyekwishafariki, au aliyesahau miaka mingi. Hakina jina, hakina uso. Nikasema hiki hakivunji sharti lako hata moja.

Nilikipasua kwa msumeno wa chuma, kwenye ngazi za nyumba ninayopanga, mwenzangu anarekodi. Mjomba, ungeona. Tabaka moja moja, ngozi, kizibo kama cha chupa, ngozi, halafu kile kipande cha mti ulichokichonga kama kipande cha tikiti, kimekaa humo hakijacheza hata kidogo. Nikaandika chini, “Siri iliyo ndani ya kiatu.” Kwa siku nne imetazamwa mara laki tatu. Wafuasi wetu ni elfu kumi na tisa. Nina maombi sitini na moja ya watu wanaotaka kupimwa, na mama mmoja ameandika kwamba bintiye wa miaka kumi na moja amegoma kwenda shule kwa ajili ya mguu, anauliza njia ya kufika kwako. Maoni yanaingia mengi mpaka nimeandika jibu moja ninalolibandika kwa kila mtu, la sivyo ningelala ofisini.

Mkuu wetu ameionyesha video kwenye kikao. Kasema hivi ndivyo kazi inavyofanywa.

Ulitaka wajue upo duniani. Wamejua. Nikemee kidogo tu.

Kasuku wako

2 Juni

Mpwa wangu,

Tupo.

Sitakukemea, nitakueleza. Alikuja wa kwanza Jumatatu, ameshika gazeti. Nimemshonea tangu akiwa na ndevu nyeusi. Akasema, “Fundi, naomba mguu wangu.” Nilidhani anamaanisha kiatu. Akanyoosha kidole kwenye rafu. Nikampa, akaufunga kwenye gazeti, akatoka nao kwapani kama mtu aliyenunua mkate. Hakuniambia neno baya, aliniambia asante. Alhamisi wakaja wawili. Jana wa nne. Kwenye rafu kuna nafasi nne zenye vumbi la umbo la mguu, na mimi sina moyo wa kuzifuta.

Wale sitini na moja, wameshakuja watatu. Mmoja alikuja na simu juu, anaturekodi mimi na paka.

Iondoe hiyo video. Nasema leo, si kesho.

Na kiatu kile si cha marehemu. Mwenyewe yupo hai.

Mjomba

15 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimeiondoa saa ile ile niliposoma barua. Lakini ni lazima nikuambie ukweli, kuiondoa kwangu si kuiondoa. Kurasa nyingine zilikwisha kuichukua. Mmoja ameiwekea muziki wa kuchekesha. Nimewaandikia wote kwa heshima, wawili wamefuta, wengine hawajajibu, na mimi ninayeishi kwa kujibu watu najua maana ya kutojibiwa.

Nimelia, na nimekasirika pia, sitakuficha. Wewe ndiye uliyesema wateja wanakwisha. Wewe ndiye uliyekaa siku tatu unapaka rangi sanduku. Nilikuwa nafanya nini kama si kukusaidia? Hakuna jina pale, hakuna sura, kuna kiatu kimoja chakavu. Nani angekijua? Niambie mwenyewe ni nani. Nitamwandikia, nitakwenda kumpigia magoti mlangoni kwake. Siwezi kuomba radhi kwa hewa.

Halafu kuna hili la mama. Hapokei simu yangu, hii ni wiki ya tatu. Nikituma ujumbe naona ameusoma, basi. Barua yako haikuwa na salamu zake. Niliigeuza nyuma, nikatikisa na bahasha, nikidhani kuna karatasi imebaki. Anaumwa? Kama amekasirika kwa sababu nimekuudhi wewe, mwambie tumezungumza tumemaliza. Tangu nizaliwe hajawahi kukaa siku tatu bila kunisema.

Mpwa wako

8 Julai

Kasuku,

Nimeanza barua hii mara nne. Kipande cha kwanza paka amekilalia, nikaona heri.

Niliapa mbele ya mama yako kwamba sitakuambia. Sasa nakuambia, na hii ni ahadi ya pili kuvunjika mikononi mwangu mwaka huu, kama tutahesabu ile ya siri niliyowapa watu wa rafu.

Kiatu ni chake.

Mama yako alizaliwa mguu wa kushoto ukiwa mfupi kwa vidole vitatu. Alipoanza shule watoto walimpa jina, sitaliandika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilichukua kipande cha tairi, nikakipigilia chini ya kandambili yake, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji na kurudi, akaniambia, “Tena.” Nikaongeza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Watu huniuliza nilijifunzia wapi, nasema nilijifunza kwa mkono, kumbe nilijifunza kwa mguu wa dada yangu. Tulipohamia mtaa huu alikuwa tayari na viatu vizuri, akaanza upya kama mtu asiye na lolote. Baba yako alijua, Mungu amrehemu, akaondoka nalo. Mimi najua. Mwingine hakuna.

Wewe ulilelewa naye nyumba moja. Jiulize kama umewahi kumwona mama yako pekupeku. Alipanda kitandani wa mwisho akashuka wa kwanza. Zile kandambili zake za ndani nilizokuwa namletea kila mwaka, mkazicheka kwamba mjomba hana zawadi nyingine, nilizishona mimi, ya kushoto ina kitu ndani.

Kiatu ulichokipasua alikivaa miaka sita. Mkanda ulipokatika kishikizo, mshona sare za kwaya akampa kifungo cha koti alichokuwa nacho kwenye kopo lake. Kiatu nilikihifadhi kwa sababu ndicho cha kwanza kilichokuwa hakina kasoro.

Sasa huyo mshona sare aliiona video, maana mama yako mwenyewe ndiye aliyembonyezea ukurasa. Akaandika pale chini, bila ubaya wowote, “Jamani, kifungo hiki nilimpa mimi dada yake fundi.” Muuza vitambaa alinionyesha. Na chini yake wewe umejibu, kwa jina langu, “Asante kwa kutuamini, ndugu mteja. Karibu tena.”

Kwaya nzima walisoma jibu hilo. Wakaona fundi amekubali.

Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangecheka, angewaweza, unamjua ulimi wake. Jumamosi alipofika mazoezini alikuta kiti. Safu ya mbele, wenzake wamesimama, yeye amewekewa kiti. Katibu wa kwaya akamwambia, “Dada, kaa, usijichoshe.” Kwa wema kabisa. Aliimba nyimbo mbili ameketi, akaaga kwamba ameacha maharage jikoni. Hajarudi. Sokoni anamtuma mtoto wa jirani. Anasema na mimi kwa mambo ya lazima tu, kwa sababu kiatu kilitoka chini ya meza yangu na mimi ndiye niliyefungua mlango.

Si kwa hasira tu kwamba hapokei simu yako. Nadhani hajui atakuambia nini kwanza.

Mjomba

20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ofisini, nikatoka nayo, nikakaa kwenye ngazi zile zile nilizokipasulia. Bado kuna unga wa kizibo kwenye nyufa.

Mama alikuwa anasema sakafu ina baridi. Hata mwezi wa joto, hata mimi nikiwa nimelala chini kwa sababu chini ndiko kulikuwa na nafuu, yeye anavaa kandambili zake anasema, “Sakafu hii ina baridi.” Nilikuwa namwigiza mbele ya marafiki zangu. Nilikuwa natembea kwa ncha za vidole nasema sakafu ina baridi, naye yupo pale anacheka pamoja nasi.

Nimelitafuta lile jibu langu. Siku ile nilijibu watu mia nne na kumi kwa maneno hayo hayo. Sikumsoma hata mmoja hadi mwisho. Mkuu wetu alinisifu kwa kasi. Yule mwanamke wa kwanza, aliyelia karakana kwako, nilimwandikia kwa moyo wangu wote, na mshona sare wa mama yangu, aliyenishonea gauni la kumaliza shule, nilimwita ndugu mteja.

Wale waliobaki kati ya sitini na moja nimewaandikia mmoja mmoja, kila mtu lake. Nimewaambia fundi hajibu ujumbe, aliyekuwa anajibu ni mpwa wake, na ujumbe ule wa upole ulikuwa wangu, lakini mikono ni ya kwake. Wengine wamekasirika kwamba walidanganywa. Wana haki. Yule mama wa binti aliyegoma shule ameuliza tu kama karakana inafunguliwa Jumanne.

Ofisini nimeomba ruhusa ya wiki mbili, wamenipa moja. Nitapanda basi la tarehe 16 Agosti. Mama akikataa kunifungulia nitalala karakana na paka.

Ndani ya mzigo huu kuna vile vipande viwili vya kiatu. Nilijaribu kuviunganisha kwa gundi. Haviunganiki, mti uligawanyika vibaya. Nimekaa navyo mezani wiki nzima navitazama. Mwambie mama namsalimu. Hapana, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe.

Mpwa wako

9 Agosti

Mpwa wangu Kasuku,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Watoto wa paka wamekua, mmoja kachukuliwa na muuza vitambaa, anamfundisha kulalia hariri. Vipande nimevipokea. Sitaviunga, kiatu kikishafunguliwa hivyo hakivaliki. Kifungo nimekikata nikakiweka kwenye bahasha nikampelekea mama yako, akakipokea mlangoni, akafunga mlango.

Wa tano kuondoa mguu wake alikuja Ijumaa iliyopita. Waliobaki kwenye rafu nimewageuza wote, nyayo zimeelekea ukutani, sijui inasaidia nini. Sikudanganyi kwamba mambo yamekaa sawa. Wateja wapya wapo, wanapitia mlango wa mbele, wanasema kwa sauti, wanataka kupiga picha na mimi. Wazee wangu walioondoka hawatarudi, na sijui nani anawashonea sasa. Nadhani hakuna. Nadhani wapo ndani.

Jumanne saa tano asubuhi nilikuwa nampima yule binti wa miaka kumi na moja, amekuja na mama yake, safari ya mabasi mawili. Ameketi kwenye benchi, amenuna, mguu ameuficha chini ya sketi. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Kwenye mlango ule mama yako hajapita miaka yote niliyo hapa, siku zote huja kwa nyuma. Alikuwa na gazeti mkononi.

Nililiona gazeti nikaelewa. Nikaweka chini kipimo. Kasuku, nimewapa watu watano miguu yao na sikusema kitu, lakini huo wake ndio wa kwanza niliouchonga maishani. Nikauteremsha kutoka mwisho wa rafu. Akaushika. Akaanza kuufunga, na gazeti likawa halitoshi.

Yule binti alikuwa anatazama. Watoto hawana adabu ya mlango wa nyuma. Akamuuliza, “Na wewe wa upande gani?”

Mama yake akamfinya. Mimi nikatazama ukutani. Nilikuwa tayari kumsikia dada yangu akisema hajui anaulizwa nini, maana hivyo ndivyo alivyojibu maisha yake yote.

Akasema, “Wa kushoto.”

“Mimi wa kulia,” binti akasema. “Unauma?”

“Jioni. Na nikisimama sana kwaya.”

“Mimi shuleni wananiita jina.”

“Jina gani?”

Binti akamtajia. Mama yako akamwambia, “La kwangu lilikuwa baya zaidi,” akamtajia na yeye, pale mbele yangu, lile ambalo hata kwenye barua sikuthubutu kuliandika. Binti akacheka. Dada yangu hakucheka, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka nikamaliza kupima, ameweka mguu wa mti mapajani. Walipokwenda akasimama, akaurudisha kwenye rafu mwenyewe, nyayo mbele, si ukutani. Gazeti akaliacha. Akatoka kwa mlango ule ule wa mbele.

Usilichukue hili ukalifanya furaha. Kwaya hajarudi. Video ile ya muziki bado ipo, juzi kondakta aliitazama wakati nachukua mzigo wako, akanionyesha bila kujua anamwonyesha nani. Ukurasa wako sijui uufanye nini. Ukiuacha, basi ujibu wewe kwa jina lako, na usome mpaka mwisho.

Jana nilipita nyumbani kwake. Nilikuta anapiga deki chumba chako, ameinama, ndoo pembeni. Kandambili zilikuwa nje kizingitini, zote mbili, na yeye pekupeku anakwenda huku na huku, anachechemea waziwazi, vidole vitatu. Sijamwona hivyo tangu siku ya tairi. Nikasema, “Dada, sakafu ina baridi.”

Akasema, “Haijawahi kuwa na baridi.”

Hakuniambia nikusalimu. Nilingoja, nikajifanya natafuta miwani, hakuniambia. Lakini nilipofika uani aliniita, akauliza basi la tarehe 16 linaingia saa ngapi.

Mjomba wako